Kwadi ya spoti haina nguvu, breki hazishiki: mwongozo kamili wa kutafuta ubovu kabla ya kununua spea

Kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, ikirudi kutoka safari ya mchana haina nguvu, neno la kwanza utakalolisikia gereji ni kwamba injini imechoka. Mara nyingi injini haina kosa. Breki ya nyuma imebana, au kichujio cha hewa kimejaa vumbi jeupe, au petroli iliyotiwa kwa chupa njiani ilikuwa na maji. Nimeona pistoni na ringi zikiagizwa Dar es Salaam, zikasubiriwa, zikafungwa, na mashine ikabaki vile vile kwa sababu aliyeifungua hakuwahi kuinyanyua akazungusha gurudumu kwa mkono. Hilo linaniuma, maana fedha iliyopotea hapo ni kipato cha kijana anayetembeza wageni.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: breki kwanza, halafu mafuta, hewa, moto wa plagi, na kufungua injini mwisho kabisa. Nazungumzia kwadi za spoti zenye gia za mguu na klachi ya mkono, mfano wa Honda TRX400EX, Suzuki LT-Z400, Yamaha YFZ450 na Raptor 700. Zile za Kichina zinafuata njia hiyo hiyo. Kitu cha kujua mapema ni kama yako ina kabureta au injeksheni, njia mbili tofauti za kuipa injini petroli: TRX400EX na Raptor 660 ni za kabureta, Raptor 700 imekuwa ya injeksheni tangu ilipotoka mwaka 2006. Vipimo nitakavyovitaja ni vya jumla. Kitabu cha mashine yako kikisema tofauti, fuata kitabu.

Vifaa na tahadhari

Uwe na spana namba 8, 10 na 12, soketi ya plagi, multimeta, paipu nyembamba ya plastiki inayoonyesha ndani, chupa tupu, brashi kuukuu ya meno, mafuta ya breki ambayo kopo lake halijafunguliwa, na magogo imara ya kukalisha mashine. Usiingize mkono chini ya kwadi iliyoshikwa na jeki peke yake. Injini iwashwe nje, si ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wake unaua bila harufu ya kukutisha. Kanzu, kikoi na ncha za kanga zikae mbali na cheni.

Anza kwa kumuuliza dereva

Tatizo limeanza ghafla au limekuja taratibu? Linatokea mashine ikiwa baridi au ikishapata moto? Imepita kwenye maji? Petroli ya mwisho imetiwa wapi? Nani aliifungua mara ya mwisho, na alifanya nini? Majibu haya yanapunguza kazi kuliko kifaa chochote.

Kijana mmoja alileta kwadi gereji upande wa Paje, Unguja, akamkuta fundi mzee anafunga sproketi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Ina nini?"

"Haipandi kabisa. Naona pistoni imekwenda."

"Imekufa ghafla au imekuja inachoka?"

"Inachoka. Na huku nyuma inanuka kama kitu kinaungua."

Mzee hakugusa injini. Alichovya vidole kwenye ndoo, akadondosha matone mawili kwenye diski ya nyuma, na maji yakachemka pale pale yakatoweka. Mgeni aliyeiendesha alikuwa ameweka mguu wa kulia juu ya pedali ya breki njia nzima, na pedi zilikuwa zimeungua mpaka zimeng'ara. Injini ile ilikuwa inavuta mashine na breki kwa pamoja.

Tazama mguu wa mgeni kabla hamjaondoka. Mwambie kisigino kikae kwenye kikanyagio, na ncha ya kiatu isilale juu ya pedali. Maelezo hayo ya nusu dakika yanaokoa seti nzima ya pedi.

Hatua ya kwanza: nyanyua mashine, zungusha magurudumu

Weka gia nyutro, legeza breki ya kuegeshea, nyanyua nyuma mpaka magurudumu yote mawili yaache ardhi. Kwa kuwa ekseli ya nyuma ni moja, yatazunguka pamoja, na uzito kidogo wa cheni utausikia. Sauti nyepesi ya pedi kusugua diski ni ya kawaida. Ukilazimika kutumia nguvu ya bega, breki imebana.

Sasa usikimbilie kufungua kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Tafuta ubanaji umeanzia wapi:

1. Legeza kebo ya breki ya kuegeshea. Gurudumu likiachia, kebo imekazwa mno au imeshika kutu ndani ya ganda lake. Hapa kwetu kebo hizi huoza kwa chumvi kabla hazijachakaa.

2. Ikiwa bado, angalia kama pedali ina mchezo mdogo kabla haijaanza kusukuma masta silinda, yaani pampu ya mafuta ya breki. Bila mchezo huo pistoni ya masta silinda hairudi mpaka mwisho, tundu dogo la kurudishia mafuta linabaki limezibwa, na kila joto linapopanda breki inazidi kujifunga yenyewe.

3. Ikiwa mchezo upo, chomeka paipu kwenye nipeli ya kalipa (skrubu ndogo ya kutolea mafuta na hewa), fungua nipeli robo mzunguko. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, kuna presha iliyonaswa: tundu la masta silinda limeziba, au paipu ya breki imevimba ndani na kuzuia mafuta yasirudi. Ili kuzitenganisha hizo mbili, siku nyingine presha ikinaswa legeza kwanza bolti ya paipu pale kwenye masta silinda. Gurudumu likiachia hapo, kosa ni la masta silinda. Lisipoachia mpaka ufungue kule kwenye kalipa, paipu ndiyo mbovu.

4. Nipeli ikifunguliwa na gurudumu lisiachie, kosa liko kwenye kalipa yenyewe: pini zimeganda, pistoni imeshika kutu, au mtambo wa breki ya kuegeshea uliofungwa juu ya kalipa umekazwa kupita kiasi.

Mbele rudia hayo hayo kwa gurudumu moja moja, kwa kuwa kila upande una diski na kalipa yake. Mashine inayovuta kulia ukishika breki mara nyingi kalipa ya kushoto ndiyo haifanyi kazi. Watu hufungua upande wa kulia kwa kuwa ndiko inakovutia, wakapoteza saa nzima.

Lipo jambo jingine linalounganisha breki na injini. Baadhi ya kwadi za spoti za Yamaha, YFZ450 ya kabureta ikiwemo, zina swichi kwenye breki ya kuegeshea inayoizuia injini isipande mizunguko breki ikiwa imefungwa. Swichi ikiharibika au ikikaa vibaya, mashine inasadiki kwamba breki imefungwa hata kama haikufungwa. Inawaka vizuri, inatulia vizuri, lakini ukivuta mafuta inakatakata kana kwamba kabureta imeziba. Kabla ya kufungua kabureta ya mashine ya namna hiyo, hakikisha kishikio cha breki kimerudi sawasawa na swichi inabonyea.

Hatua ya pili: petroli

Vijijini petroli ya chupa ndiyo iliyo karibu, na si kila chupa ilikuwa kavu. Chota kidogo kutoka chini ya tangi, au legeza skrubu ya chini ya kikombe cha kabureta, ukinge kwenye chupa nyeupe ya kioo. Iache itulie dakika kumi. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na utauona mstari. Mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hayaonyeshi mstari, ila ukipaka tone kwenye karatasi petroli safi hukauka na kuondoka, ya taa huacha doa la mafuta.

Mashine inayowaka, ikaenda dakika chache, ikafa, kisha ikawaka tena baada ya kupumzika, ijaribu hivi: ikikaribia kuzima fungua kifuniko cha tangi. Ikirudi uhai, tundu la hewa la kifuniko limeziba kwa matope, na tangi lilikuwa linavuta hewa lisiipate. Dawa yake ni sindano na upepo. Vipaipu vyembamba vinavyoning'inia kutoka kwenye kabureta navyo viangalie, maana vikiziba kwa udongo mwekundu dalili zinafanana.

Kwenye kabureta, choki, ile ya kuwashia mashine ikiwa baridi, ndiyo mpelelezi wako. Mashine inayokubali kwenda choki ikiwa imevutwa tu, hata ikishapata moto, inapata petroli kidogo au hewa nyingi mno. Kwa kwadi iliyolala msimu mzima wa masika, kuanzia Machi hadi Mei wageni wanapopungua, sababu karibu kila mara ni jeti ndogo (kitundu cha kabureta cha kupitishia petroli) kuziba kwa petroli iliyokauka. Kisha sikiliza tatizo linatokea wapi kwenye kishikio cha mafuta: likiwa mwanzo kabisa wa kubonyeza, tazama jeti ndogo na skrubu ya mchanganyiko, likiwa katikati, sindano ya kabureta, likiwa mwisho, jeti kubwa.

Unaposafisha, kaza kwanza skrubu ya mchanganyiko taratibu ukihesabu mizunguko mpaka iguse, andika hesabu, ndipo uifungue. Toa jeti zote, zichunguze kwa kuzielekeza kwenye mwanga, na uzipulize kwa kompresha. Ikibidi kuzibua, tumia uzi mmoja wa waya laini wa shaba. Kwenye jeti usipitishe sindano ya kushonea wala waya wa chuma, kwa sababu tundu likipanuka kidogo tu, vipimo vyote vinaharibika.

Kwenye injeksheni, washa swichi usipige stata, sikiliza tangi. Pampu inapaswa kunguruma sekunde chache kisha inyamaze. Kimya kabisa maana yake fyuzi, rilei, waya au pampu, na utapima kwa mfuatano huo. Pampu ikilia na bado hakuna nguvu, shuku uchafu ndani ya tangi na kichujio cha pampu.

Hatua ya tatu: hewa

Barabara za upande wa mashariki wa Unguja zimekaa juu ya mawe ya matumbawe. Vumbi lake ni laini kama unga, na katika msafara wa kwadi sita ile ya mwisho inakula vumbi la tano zilizotangulia. Kama kampuni yako huwa inaipa mashine ile ile nafasi ya nyuma kila siku, ndiyo hiyo itakayokufa mapema. Zibadilishane.

Kichujio cha sponji kioshwe kwa mafuta ya taa kwanza, halafu maji ya uvuguvugu na sabuni. Petroli isitumike: inaharibu gundi ya maungio na moto hauko mbali. Kamua kwa viganja bila kunyonga, kianike kivulini mpaka kikauke kabisa, halafu paka oili ya kichujio, ukibinyabinya mpaka rangi ienee kote. Mdomo wa kichujio upake grisi nyepesi ili vumbi lisipenye pembeni. Kisha futa ndani ya boksi kwa kitambaa cheupe. Ukiona vumbi upande wa ndani, ule unaoelekea kabureta, kichujio hakikukaa vizuri na injini imekuwa ikimeza mchanga. Hapo ndipo hoja ya ringi na valvu inapoanza kuwa na maana.

Kiungo cha mpira kati ya kabureta na injini nacho hupasuka kwa jua. Injini ikiwa inanguruma taratibu, nyunyizia maji yenye sabuni kuzunguka kiungo. Mlio ukibadilika au mapovu yakanyonywa, hewa inaingia hapo. Wengine hutumia petroli kwa kipimo hiki karibu na ekzosi yenye moto. Usithubutu.

Hatua ya nne: umeme na moto wa plagi

Kabla ya yote: swichi nyekundu ya kuzimia iko mahali pake? Kamba ya usalama imechomekwa? Fyuzi nzima? Gia iko nyutro au klachi imebanwa? Wageni hugusa swichi nyekundu bila kujua, na nimeshuhudia kwadi nzima ikifunguliwa kwa ajili yake.

Betri nzima iliyopumzika inaonyesha karibu volti 12.6. Chini ya 12.2 ichaji kwanza ndipo uendelee kupima. Ukipiga stata na ikaanguka chini ya 9.5, betri imekwisha au vichwa vyake vina kutu. Injini ikiwaka na ukapandisha resi, volti zifike kati ya 13.5 na 14.8. Zisipopanda, chaji haiingii, na betri mpya utakayonunua itakufa vile vile.

Ili kuona moto, toa plagi, irudishe kwenye kofia yake, ushikishe chuma chake kwenye sehemu tupu ya injini mbali na tundu la plagi, na tundu lenyewe ulizibe kwa kitambaa kwa sababu mvuke wa petroli unatoka hapo. Piga stata. Cheche ya bluu yenye mlio ni nzima. Cheche ya njano, dhaifu, au isiyokuwepo inakutaka ujaribu plagi mpya, kisha ufungue kofia na kukata milimita tano za ncha ya waya iliyooza, kisha ufuate waya wa athi (ule unaorudisha umeme kwenye fremu) mpaka mwisho wake. Hapo kwenye fremu ndipo chumvi inapofanya kazi yake: bolti inaonekana imekaza, lakini chini yake kuna unga wa kijani. Fungua, piga msasa mpaka chuma king'are, kaza, paka grisi juu. Kabla ya kulaumu koili au kiboksi cha CDI kinachotawala moto wa plagi, safisha athi zote na soketi zote za waya. Vitu hivyo ni ghali, na duka likishauza kifaa cha umeme halikirudishi.

Plagi yenyewe inasema mengi. Kahawia isiyokoza ni njema. Nyeusi kavu yenye masizi: petroli nyingi au hewa kidogo, rudi kwenye kichujio na choki. Nyeusi inayoteleza: oili inapanda. Nyeupe iliyopauka: petroli haitoshi na joto limezidi, usiendelee kuiendesha hivyo.

Ikiwa imeingia maji ya bahari

Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, ufuo unakuwa mpana na mtu anatamani kukimbiza kwadi kwenye mchanga mgumu. Gharama inakuja baadaye. Mashine iliyozama au kuzimika majini isipigwe stata hata mara moja plagi ikiwa bado imefungwa. Maji hayabanwi kama hewa, na fimbo ya pistoni inaweza kupinda kwa mzunguko mmoja.

Ivutwe mpaka pakavu. Toa plagi, toa kichujio, mwaga kikombe cha kabureta. Tazama oili: ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Mwaga yote, tia oili mpya na kichujio kipya. Plagi ikiwa nje na kofia yake imeshikishwa kwenye fremu, zungusha injini kwa stata maji yatoke. Tia oili kidogo kwenye tundu la plagi, funga, washa, iache ipate moto dakika chache, kisha badilisha oili tena. Huenda ukahitaji mara ya tatu mpaka itoke safi. Kuiacha ilale hivyo "mpaka kesho fundi aje" ndiyo kuiua: beringi zinaanza kushika kutu usiku ule ule.

Kila siku baada ya safari ya ufukweni ioshe kwa maji baridi ya bomba yasiyo na presha kubwa, injini ikishapoa. Presha kubwa inasukuma chumvi ndani ya beringi na mipira. Halafu iwashe ikaushe, na upake cheni mafuta.

Na maji ya kisima yasitiwe kwenye rejeta. Visima vyetu vinatoka kwenye mawe ya chokaa, na vya ufukweni vina chumvi. Maji hayo yanaganda kwenye vijia vya rejeta, kisha mashine inachemka na watu wanalaumu feni. Tumia kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri, si asidi, na kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa ya moto.

Hatua ya tano: injini yenyewe

Umefika hapa baada ya kuthibitisha breki, petroli, hewa na moto. Kwanza klachi: resi zikipanda lakini mwendo haupandi, klachi inateleza, si injini. Uliza ilitiwa oili gani. Injini hizi zinatumia oili moja kwa klachi na gia, kwa hiyo nunua iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi inayolowa oili. Oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inahitaji msuguano.

Kipimo cha kompresheni kifanyike injini ikiwa ya moto, plagi nje, kishikio cha mafuta kimebonyezwa mpaka mwisho. Ikisoma chini ya kitabu, tia kijiko kimoja cha oili kwenye silinda, upime tena. Ikipanda sana, ringi zimechoka. Isipopanda, valvu hazifungi. Kabla hujatoa kichwa cha silinda pima nafasi za valvu injini ikiwa baridi. Valvu iliyobana inafanya mashine iwe ngumu kuwaka, na mara nyingi kurekebisha nafasi tu kunairudisha. Moshi wa bluu ni oili, mweusi ni petroli nyingi, na mweupe mzito usiokoma ni kulanti inayoingia kwenye silinda.

Nitapita haraka hapa kwa sababu kufungua silinda ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kupimia.

Hatua ya sita: breki zisizoshika

Mwanzo tulitafuta breki iliyobana; hapa ni ile isiyoshika. Kwenye breki sina subira na kubahatisha. Mashine isiyowaka inakuchelewesha tu. Isiyosimama inaua, na njia zetu zina watoto wanaotoka chuoni (madrasa), baiskeli na ng'ombe.

Bonyeza kishikio, usikilize mkono wako. Kikiwa laini kama sponji na kikawa kigumu ukipampu, kuna hewa. Kikiwa kigumu mwanzo kisha kinazama taratibu ukiendelea kukishika, na hakuna mvujo nje, mipira ya ndani ya masta silinda imekwisha. Kikiwa kigumu lakini mashine haisimami, pedi zimeng'ara, zimelowa oili, au pistoni za kalipa zimeganda. Kikiwa kizuri asubuhi na laini baada ya mteremko mrefu, mafuta ya breki yamenyonya maji. Mafuta ya DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 230 za Selsiasi au zaidi, yakishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka mpaka 155. Vitabu vingi vinasema yabadilishwe kila miaka 2. Kwa unyevu wa visiwa vyetu, mimi nasema kila mwaka, kabla ya msimu wa Julai.

Pedi zikibaki milimita 1, toa. Usingoje sauti ya chuma. Zilizolowa mafuta ya breki au oili hazioshwi, zinatupwa. Diski ipimwe kwa kalipa ya kupimia na ulinganishe na unene wa mwisho uliochorwa juu yake.

Kalipa iliyoganda: ifungue, toa pedi, bonyeza breki kidogo sana mpaka pistoni itoke milimita chache, isugue pembeni kwa brashi ya meno na mafuta ya breki, kisha irudishe kwa mkono. Ikishaingia na kutoka kwa ulaini, imepona. Ikiwa na mashimo ya kutu, pistoni na mipira vibadilishwe. Pini za kuteleza zisafishwe mpaka zing'are, zipakwe grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida inavimbisha mipira na kesho yake breki inabana kuliko jana. Ukirudisha pistoni, tazama kikopo cha mafuta ya breki kisifurike, kwa sababu mafuta haya yanakula rangi na plastiki. Yakimwagika, osha kwa maji mengi hapo hapo. Nyuma, legeza skrubu ya breki ya kuegeshea kabla ya kuingiza pedi mpya, kisha uirekebishe upya.

Kutoa hewa, watu wawili wanatosha:

1. Safisha kikopo kabla ya kukifungua, kijaze mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. DOT 5 ya silikoni isichanganywe na DOT 4.
2. Chomeka paipu kwenye nipeli, ncha nyingine izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo.
3. Mwenzako abonyeze taratibu, ashikilie. Fungua nipeli, mafuta na mapovu yatoke, funga. Ndipo yeye aachie. Akiachia kabla hujafunga, hewa inarudi ndani.
4. Rudia mpaka mapovu yaishe na rangi iwe safi, huku ukiongeza mafuta. Kikopo kikikauka, unaanza upya.
5. Mbele fanya upande ulio mbali na masta silinda kwanza, kisha wa pili. Nyuma ni mmoja tu.

Nipeli ni laini, zikazwe kwa kiasi. Hewa ikigoma kutoka, gongagonga paipu na kalipa kwa mpini wa bisibisi, na geuza hendeli mpaka masta silinda iwe juu kuliko paipu zote.

Kujaribu

Kabla ya kuwasha, bonyeza breki zote kwa nguvu zako zote kwa nusu dakika na utazame kila kiungo kama kinatoa jasho. Halafu kofia ya kichwani, uwanja wa wazi usio na watu, gia ya kwanza. Breki ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake, kisha zote. Pedi mpya zizoeshwe kwa kusimama taratibu mara kadhaa kutoka mwendo mdogo, ukiacha zipoe katikati. Sogeza kiganja karibu na kila diski bila kuigusa uone joto lake: pande mbili za mbele zilingane. Nyanyua tena, zungusha tena. Pima mafuta kwenye vikopo. Kiwango kikiwa kimeshuka hata kidogo, mashine haitoki na mgeni siku hiyo.